Nimeshtakiwa kwa wati mia tano

Jana saa mbili usiku umeme umekatika. Sio kwangu, sio nyumba yetu, mtaa mzima, kuanzia kwa muuza chipsi mpaka ng'ambo ya barabara kule giza tupu. Sasa niambieni mlango uliogongwa ni wa nani. Wangu. Chumba namba nne. "Kaka, zima basi hilo dude lako tuone kama utarudi." Hilo dude lenyewe, kompyuta yangu, liko chini ya kitanda, halina kadi, halina waya, halijawahi kuwaka hata dakika moja, limefunikwa kanga kama marehemu. Mimi nimekaa na tochi ya simu nakula ugali na mlenda wangu. Nikatoka nikasimama mlangoni kwa heshima zangu zote nikasema jamani, halijawashwa. Dada wa chumba cha sita akanijibu hukohuko gizani, "sasa mbona umeme umekatika?"

Dah.

Ngoja nirudi nyuma maana mtaniona kichaa. Mi ni mtu mzima, nina miaka 34, niko steshenari pale mjini natoa kopi na kuchapa barua za watu za kuomba kazi, na wakishazipata hizo kazi wanapita na magari kwenda Mtumba, mji wa serikali hapa Dodoma, wananirushia vumbi. Sivuti, sinywi, sina mambo mengi. Nilichotaka duniani ni kompyuta ya kuchezea gemu, basi. Kibubu nikakivunja mwezi wa sita, ikatoka laki sita na elfu kumi na mbili na jero moja. Na laki sita kwenye kompyuta ya gemu mjue ni sawa na kwenda kuposa na mbuzi mmoja, utakaribishwa ila utakalishwa karibu na mlango.

Mpya sahau. Njia yetu inajulikana, unatafuta CPU iliyotumika, zile nyeusi za maofisini zinazokuja na makontena, ukipata yenye prosesa ya i5 kizazi cha nne na RAM, yani kumbukumbu ya kufanyia kazi, giga nane, unaipachika kadi ya grafiki ya kuchora picha za gemu humo ndani maisha yanaendelea. Sa hapo kuna nyembamba na kuna tawa, lile boksi pana. Kijana wa dukani lazima akusukumie nyembamba, "bro hii haili nafasi," na kweli imepungua elfu hamsini nzima. Usikubali ndugu yangu. Ile nyembamba kadi ya kawaida haizami, inataka zile za kimo nusu, na ukiulizia bei ya za kimo nusu unatafuta pa kukaa kwanza. Nikachukua tawa, laki mbili na themanini. RAM ilikuwa kijiti kimoja cha giga nane, nikamwambia nipe viwili vya nne nne maana vikiwa viwili inavuta njia mbili kwa mpigo, akanitazama kama nimeagiza soda moja kwenye glasi mbili. SSD ya kuhifadhia mafaili elfu sitini, hapo hatukugombana.

Kadi ndo ilinila wiki tatu. Kila mtu anakwambia chukua RX 580 ya giga nane, ilitoka 2017 lakini bado ni mwamba, laki mbili na nusu unaipata. Mwamba kweli, ila inakula wati 185 peke yake, inataka waya wake wa umeme wa pini nane, na nyingi zimechimbishwa sarafu za mtandaoni usiku na mchana, yani kuinunua ni kama kununua bajaji iliyokuwa inabeba kokoto. GTX 1650 ina adabu, nyingi hazitaki hata waya, zinajikimu na wati 75 za hapohapo kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, lakini giga ni nne na jamaa anataka pesa nyingi kuliko ya giga nane, nikamuuliza sa hiyo adabu naichezea wapi. Kuna mwingine mtandaoni ana 1050 Ti elfu tisini. Elfu tisini! Hiyo nilijua kabla sijamaliza kusoma. Hizo ni kadi za zamani, GTS 450 huko, zimevalishwa jina la mtu, ukichomeka Windows inakusomea 1050 Ti bila aibu mpaka uweke GPU-Z, programu ya kukagua kadi, ndo inaumbuka.

Nikasema basi, RX. Na ukishasema RX umeshasema pawa saplai, kile kiboksi cha kugawa umeme humo ndani, maana iliyokuja na tawa ni wati 290 na haina hiyo pini nane. Nikaagiza ya wati 500 Kariakoo, elfu sabini na tano, nauli ya basi elfu saba, nikaifuata stendi Nanenane, boda mpaka Nkuhungu elfu sita.

Kosa langu ni boksi. Limeandikwa 500W kwa herufi kubwa kama bango la mgombea, na mimi fala nikapita nalo uani kwapani saa kumi na moja jioni, saa ambayo kina mama wote wapo pale wanachambua mchicha.

Kesho yake kikao.

Mzee mwenye nyumba hajawahi kuitisha kikao tangu choo kilipotitia. Ndoo zimegeuzwa, watu wamekaa, mimi nimewekewa stuli katikati. Mzee kavaa koti na joto lile. "Mbukwenyi," akafungua kwa salamu ya Kigogo. Tukaitikia. Akasema kijana wangu, hatuna ugomvi na wewe, kodi unalipa, salamu unatoa, tunachoomba ni kujua tu huo mtambo ni wa kazi gani.

"Shikamoo mzee. Sio mtambo. Ni pawa saplai."

"Pawa," akawageukia wenzangu. "Mmesikia wenyewe, sijamtajia mimi."

Mwalimu wa chumba cha pili akaokota kijiti akapiga hesabu kwenye vumbi. Mia tano mara masaa 24 mara siku 30, unit 360. Unit moja kwetu ni shilingi 357, maana kwenye zile unit nane za buku, bei ya watumiaji wadogo, tulishafukuzwa zamani, nyumba ya vyumba sita utabakije chini ya unit 75 kwa mwezi. Akajumlisha akapigia mstari kwa kijiti: laki moja, elfu ishirini na nane, mia tano ishirini. Mama wa chumba cha mbele akashika kichwa kama kaletewa taarifa ya msiba.

Nikasimama. Nikakunjua shati. Nikasema wazee wangu, mama zangu, mwalimu, hizo mia tano ni uwezo, sio matumizi. Ni kama ndoo. Mtu ukiwa na ndoo ya lita ishirini haina maana kila siku unaogea lita ishirini, unachota unachotaka, ndoo ni chombo tu. Kimya. Mzee akatikisa kichwa taratibu, nikaona kabisa limeingia, nikataka hata kukaa.

"Lakini wewe unaogea ndoo mbili," akasema mama wa chumba cha mbele.

Jamani. Dakika arobaini tumejadili maji. Nani alijaza madumu Jumanne, nani anafua nguo za wageni, pipa la nani halina jina, mara boda wa chumba cha tano anaoshea pikipiki maji ya kunywa, boda naye kawaka, ikabidi mzee agonge ndoo kwa fimbo. Tulivyorudi kwangu hata mwalimu alikuwa ameshakanyaga hesabu yake.

"Sawa. Na huo mtambo unaufanyia nini?"

"Gemu, mzee."

"Gemu ya nini?"

Hapa ningeweza kusema mpira. Kwa nini sikusema mpira mpaka leo sijui. Nikasema mpira, na lile la kuiba magari.

Mzee akavua miwani. "Wati mia tano," akasema polepole, "za kuiba magari." Na boda, naapa, alinyanyuka akaisogeza pikipiki yake karibu na dirisha lake.

Hapo heshima zikaniisha. Nikasema haya, tuongee ukweli basi, maana naona leo tunaongea. Mimi kila mwezi nachanga elfu saba sawasawa na kila mtu, natoka saa kumi na mbili asubuhi narudi saa moja usiku, nina taa moja na feni na simu. Dada hapa ana draya ya wati elfu moja na mia mbili anakausha vichwa vya watu Jumamosi nzima, kuna mtu aliita kikao? Kuna friji la barafu za biashara pale linanguruma mpaka ukuta wangu unatetemeka, kuna mtu aliita kikao? Mi hata ikiwaka yote na gemu limekolea ni wati mia tatu, masaa mawili, hiyo ni nukta sita ya unit, shilingi mia mbili na kumi na nne, bei ya pipi! Na maharage! Nani anachemsha maharage kwa jiko la koili saa sita usiku kwenye nyumba hii, maana harufu tunaisikia wote! Koili inakula wati elfu moja na nusu na maharage hayaivi chini ya masaa mawili, hizo ni unit tatu, kwa sufuria moja!

Mzee akakohoa. Akasema kikao kina ajenda moja.

Ndo nikajua maharage ni ya wapi.

Hukumu ikatoka, niongeze elfu tano kwa mwezi kuanzia siku boksi lilipoingia getini, na mtambo usiwashwe saa mbili usiku mzee akiwa kwenye taarifa ya habari. Nikashukuru. Ningefanyaje, chumba kingine nakitoa wapi kwa bei ile.

Nikaingia ndani nifunge pawa saplai yangu iliyonipa kesi. Nafungua tawa, mazabodi ina tundu la umeme la pini nane tu, tena ndogondogo, pawa saplai yangu ina waya wa pini ishirini na nne. Kumbe tawa nyingi za ofisi zina mpango wao wenyewe, unahitaji waya wa kubadilishia. Elfu ishirini. Kijana wa Kariakoo ananiambia "wiki hii bosi," ni wiki ya nne sasa. Akatuma mmoja ukaja na pini sita. Monita yangu nayo ni ya zamani ina VGA tu, lile tundu la picha la kizamani, RX haina VGA, konveta elfu kumi na tano. Na huu upepo wa saa hizi, nimenunua soksi ndefu za kike mnadani nizibie matundu vumbi lisiingie, muuzaji akaniuliza za mke au za mchumba nikasema za kompyuta, akanipa bure akanikimbia.

Miezi miwili nimelipa elfu tano tano za kitu kisichowaka. Kibubuni imebaki laki moja na elfu thelathini na tisa na ileile jero. Kadi bado laki mbili na nusu.

Kwa hiyo jana nimesimama mlangoni gizani natoa maelezo, watu sita na tochi za simu wananimulika usoni, nikawaambia ingieni mkague, boda akaingia kweli, akafunua kanga, akapapasa, akatoka akasema "la baridi, ila sijui." Umeme ukarudi saa tatu na nusu, mtaa mzima ukapiga kelele zile za umeme ukirudi, nikamsikia dada wa chumba cha sita dirishani anamwambia mwenzake, "umeona? Kazima."

Nikarudi kwenye ugali wangu. Mlenda ulishapoa, na mlenda ukipoa mnajua unavyokuwa.