Setilaiti inaona tanuri, haioni bafuni kwa madam

Kuna watu ukiwatajia utafiti wa usafirishaji haramu wa binadamu wanakwambia hizo ni semina za posho tu, polisi wakamate madalali yaishe. Sikubaliani nao. Ila hata hao wanaoamini kompyuta itamaliza kila kitu nina neno nao.

Chukua Rights Lab, kituo cha utafiti wa utumwa wa kisasa cha Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza. Watu wa jiografia, historia na haki za binadamu walikaa meza moja wakapekua picha za setilaiti za India, Pakistan, Nepal na Bangladesh, kule kwenye tanuri za matofali ambako unakuta familia nzima imefungwa na deni. Nyingi ukizitazama kwa juu zina umbo la yai, bomba la moshi katikati, kwa hiyo hata watu wa kawaida walijitolea mtandaoni kuziwekea alama, na mwaka 2018 yakatoka makadirio ya tanuri 55,387. Mwanasheria peke yake asingefika hapo, na mtu wa ramani peke yake asingejua deni linamshikaje mtu. Lakini picha haikwambii nani pale ni mateka wa deni na nani jioni anaondoka na ujira wake.

Sasa njoo kwa dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaoenda kazi za ndani Saudia na Oman. Kafala, ule mfumo ambao mwajiri ndiye mdhamini wa kibali cha mfanyakazi, inamfunga dada kwa mwajiri, akitoroka yeye ndo anageuka mkosaji. Na nyumba kwa juu inafanana tu na ya jirani. Binti mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anamtumia mama yake voisi saa nane usiku akiwa bafuni, bomba kalifungulia ili madam asisikie, yaani unasikia maji yanamwagika na neno moja moja, mama anarudia kuisikiliza mpaka alfajiri.

Hapo anatakiwa nesi anayelijua kovu la kuungua kwa pasi, mtu wa uchumi wa kufuata hela ya ajenti, mtu wa lugha wa kusoma yale matangazo ya WhatsApp. Wote pamoja, sio kila mtu na ripoti yake, maana manusura anahojiwa mara nne anasimulia yale yale analia upya. Kuhusu siri zao, IOM, shirika la Umoja wa Mataifa la uhamiaji, na Microsoft walitengeneza data ya kuiga ambayo takwimu zinabaki karibu zile zile ila hakuna mstari unaomgusa mtu halisi. Nzuri kweli, ila makundi madogo madogo yanapotea humo.

Mimi ningeanza na manusura wenyewe, walipwe, wakae mezani kabla maswali hayajaandikwa. Yule binti aliporudi alihojiwa kuhusu mshahara, masaa ya kazi, chakula. Hakuna aliyemuuliza nani alimpeleka eapoti. Angejibu, maana huyo jamaa anakaa mitaa miwili kutoka kwao na bado anaandikisha wasichana.