Tunasifia mgongo wa gitaa wakati sauti inatoka usoni

Kuna kitu kinanikera kwenye stori za magitaa. Mtu akinunua gitaa la akustiki cha kwanza kukwambia ni mbao ya mgongo, oh hii rozwudi, oh hii mahogani, bei imepaa huko na sisi wote tunatikisa vichwa kama vile tumeisikia hiyo tofauti. Mimi siamini sana hayo mambo.

Na hili swali la sauti inatoka usoni au mgongoni lilishajibiwa zamani, 1862, na fundi mmoja wa Hispania anaitwa Antonio de Torres, huyu ndo aliyelipa gitaa la klasiki umbo tunalolijua leo, mwili mkubwa zaidi na vifito vyembamba vimebandikwa kwa gundi chini ya ubao wa mbele, vimetawanyika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Vifito vya namna hiyo hakuvianzisha yeye ila alivipanga vizuri kuliko wenzake. Sasa jamaa akatengeneza gitaa lenye uso, yani huo ubao wa mbele, wa mbao nzuri tu, afu mbavu na mgongo akaweka makaratasi yaliyogandishwa, yani boksi! Alitaka watu waone kwamba uso ndo unaoimba. Lile gitaa bado lipo kwenye makumbusho ya muziki Barcelona.

Ukifikiria inaeleweka mbona. Uzi wenyewe ni mwembamba, hauwezi kusukuma hewa ya maana, unachofanya ni kutikisa daraja, kile kipande kilichobandikwa usoni ambacho nyuzi zinafungwa, daraja linatikisa uso, na uso una unene wa milimita 3 hivi au pungufu. Ukiuacha mnene gitaa linakuwa bubu, ukiukwangua sana unavimba nyuma ya daraja na siku moja unapasuka. Ugomvi wa mafundi miaka yote ni huo huo.

Hapa ndo namkubali C. F. Martin. Fundi wa magitaa, Mjerumani wa upande wa maseremala, kwao mafundi wa vayolini walikuwa wanang'ang'ania kwamba maseremala wa fanicha wasiruhusiwe kutengeneza magitaa (wivu wa kazi haujaanza leo), akaondoka akaingia New York 1833. Miaka ya 1840 kwenye karakana yake vifito vikaanza kupishana kwa umbo la X. Wakati huo nyuzi zilikuwa za utumbo wa wanyama, hazivuti sana. Zilipokuja kushika nyuzi za chuma miaka ya 1920, ambazo sita zikikazwa zinavuta kilo 70 na kitu, ile X ndo ikaonekana inabeba mzigo bila kuua sauti, na mpaka leo magitaa mengi ya nyuzi za chuma yanatumia mpango huo. Mengine yaliyofuata, kama dreadnought ya 1916 yenye mwili mpana na jina la meli ya kivita ya Uingereza, au shingo ya freti 14 (vile vyuma vya kukatiza shingo) ya 1929, ni muhimu sawa, ila kwangu hayafikii ile X.

Kwa mnaosema hayo ni ya kale, 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster walitengenezewa magitaa sita, yote sawa isipokuwa mbao za mgongo na mbavu, wakawapa wapigaji 52 wayapige bila kuona vizuri wameshika lipi. Alama walizotoa zilikaribiana sana, na rozwudi ya Brazil ambayo biashara yake ya kimataifa imebanwa tangu 1992 haikuwaacha wenzake.

Sisemi mgongo haufanyi kitu kabisa, na urembo nao una bei yake, mtu anunue anachopenda. Ila ukienda dukani washa tochi ya simu uangalie ukingo wa tundu la gitaa, mistari ya mbao ikishuka moja kwa moja toka juu mpaka chini ujue uso ni ubao mzima, ukiona matabaka hiyo ni plaiwudi, na hapo muuzaji akianza kukusimulia habari za rozwudi ya mgongoni we msikilize tu afu uombe uone jingine.