Mwenyekiti Amelalia Kiti Changu

Leo asubuhi nimetoka dukani na mayai manne ndani ya mfuko wa kaki, nikiyabeba kwa uangalifu wa mtu aliyekabidhiwa kichanga, na muuza duka, kijana ninayemfahamu tangu kimo chake hakijafika juu ya meza hiyo anayouzia, ameniuliza mbele ya wateja wote: "Shikamoo mzee. Kwani kuku wako wamegoma?" Nimeitikia marahaba na kuondoka, kwa sababu mtu mwenye kuku majike 11 uani kwake hana jibu jingine la kumpa muuza mayai.

Hesabu yao naijua kuliko ya mshahara wangu. Wanne wameatamia, na mmoja kati yao ameatamia mayai ya bata aliyowekewa na mama mkwe wangu, wala hajui maskini kwamba siku 21 alizozizoea zitapita bila kitu kulia, atakaa mpaka 28, na akishatotoa, watoto wataingia ziwani mbele ya macho yake wakimwacha ufukweni akiita majirani. Watatu wanalea. Wawili hutaga vizuri sana, ila hutagia kwenye nyufa za majabali nyuma ya nyumba, na aliyewahi kuishi Mwanza anaelewa kwamba majabali ni milki ya kenge, sisi wengine tumepangishwa tu. Wawili waliobaki kazi yao ni kula.

Na wanakula dagaa. Mwezi unapokuwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao haziwezi kushindana na mbalamwezi, bei inapanda pale Mwaloni Kirumba, na kila mwenye familia anapunguza kipimo mpaka giza lirudi. Kuku wangu hawaitambui kalenda hiyo. Juzi nilikuta sufuria yetu ina mchicha mtupu, nami nilipouliza kwa upole dagaa wamekwenda wapi, Mama Kurwa akanijibu kwamba vifaranga wanakua.

Huenda mtu akashauri tuwachinje. Ningeomba aje kumshauri kitindamimba wetu mwenye miaka saba, ambaye humpa kila kuku jina siku anapototolewa, na jina likishatoka, kisu hakina mamlaka tena. Firigisi, ambayo kwa desturi ni haki ya baba mwenye nyumba, mara ya mwisho niliiona msibani, tena kwenye sahani ya mtu mwingine. Yupo pia mbuzi aliyekula ratiba ya mitihani ya Doto, na mbwa anayeitwa Simba ambaye huwapisha bata njiani. Hao nimewasamehe. Asiyesameheka ni jogoo.

Jogoo huyo ana upanga mwekundu ulioinamia jicho la kushoto kama kofia ya mzee wa zamani, hulala juu ya egemeo la kiti changu sebuleni, na huanza kuwika saa tisa usiku, si kwa sababu kumekucha, bali kwa sababu ameamka. Mtoto alimwita Mwenyekiti. Mwanzoni niliona ni jina la heshima lisilo na madhara, mpaka Jumamosi iliyopita jioni, bwana mifugo alipokuja na kichupa cha chanjo ya mdondo akiwa ameongozana na mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti kweli kweli, mwenye muhuri, ambaye alitaka kuona kazi inavyofanyika kabla kuku wake hawajafikiwa.

Nilimkaribisha uani, nikampa kiti kizuri na bilauri ya maji, tukaanza kuzungumza mambo ya taa ya njia. Ghafla sauti ya kitindamimba ikatoka ndani:

"Baba! Mwenyekiti amejificha chini ya kitanda chenu!"

Mheshimiwa akashusha bilauri. Kabla sijapata neno, Mama Kurwa, ambaye alikuwa jikoni na hakujua kama tuna mgeni, akaitikia kwa sauti iliyovuka ua mpaka barabarani: "Mburuteni! Wiki nzima ananinyea sebuleni, leo atanitambua!"

Nilijaribu kueleza. Nilisema, "Mheshimiwa, ni jina tu, tena la heshima," lakini katikati ya heshima hiyo Doto akapiga kelele kwamba amemshika bawa, Kurwa akasema amfunge miguu, na jogoo akatoka mlangoni kwa kuruka, akapita juu ya bega la mgeni na kutua kwenye jabali. Bwana mifugo, kijana mwaminifu asiyejua utani, akauliza kwa utaratibu: "Mwenyekiti huyu amewahi kuchanjwa?" Mgeni akadhani ameulizwa yeye, akajibu kwamba alichanjwa utotoni.

Ilichukua nusu saa, wavulana wawili, chandarua kimoja na heshima yangu yote kumkamata. Nikamkumbatia kifuani kama nilivyoelekezwa, kichwa kikageuzwa pembeni, maana dawa ni tone moja katika jicho moja na jicho lazima liwe wazi. Bwana mifugo akabinya kichupa. Jogoo akanipiga teke la tumbo, nikainama, na tone likaingia katika jicho langu la kulia.

"Limepotea," akasema bwana mifugo kwa masikitiko.

"Halijapotea," nikamjibu.

Akanishika mkono hadi kwenye ndoo ninawe. Nikiwa natiririka maji usoni, nikamuuliza kama sasa na mimi nimekingwa. Akafikiri kidogo, akaniambia, "Miezi mitatu, mzee. Baada ya hapo narudia wote." Mwenyekiti wa mtaa aliaga akiwa anafuta bega lake, akasema suala la taa litaangaliwa katika kikao kijacho, na kwa namna alivyolisema, naona giza la miaka mingi mbele ya geti langu.

Jicho lilikuwa jekundu mpaka Jumatatu. Je, kuna aliyeniuliza jicho linaendeleaje? Walikuwa wanamuuliza jogoo! Mtoto alimbandika kitambaa cha maji ya uvuguvugu kwa sababu "amepata mshtuko", na mimi nikaambiwa nikae kwenye kigoda, nisimsumbue kitini. Nimejenga nyumba hii tofali kwa tofali, kiti nimekinunua mimi, na nimekaa kwenye kigoda!

Nilitegemea mama mkwe angeniokoa, kwani yeye huchinja bila kuuliza jina. Zamani akitoka Sengerema, foleni ya kivuko ilinipa muda wa kufagia na kujipanga. Tangu daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, lilipofunguliwa Juni 2025, anafika kabla sijamaliza kunawa. Mwezi uliopita alifika na tenga, nikasema moyoni firigisi imewadia. Ndani ya tenga alikuwamo bata mzinga dume, zawadi ya mjukuu, ambaye sasa humjibu mtangazaji wa taarifa ya habari sentensi kwa sentensi, kiasi kwamba sina habari yoyote ya nchi hii tangu tarehe hiyo.

Kati ya mayai manne niliyonunua, matatu yamekaangwa. Mawili wamekula wavulana, moja mama yao, na la nne kitindamimba amelificha chini ya kuku mmoja uani "ili lisiwe pweke". Nimetoka nje kulitafuta. Juu ya jabali kenge amejinyoosha juani, ametulia, anaangalia kiota kilekile ninachokiangalia mimi, na kati yetu wawili sioni mwenye haraka.