Seriamu haing'arishi jiwe kavu

Inaniudhi kuona poda ya kung'arishia mawe ikiuzwa Arusha kwenye mfuko wa nailoni usio na jina, na mnunuzi akiambiwa tu kwamba ile nyekundu ndiyo nzuri. Nyekundu ya nini? Seriamu oksaidi, poda ya kung'arishia itokanayo na metali ya seriamu, ikiwa safi ni nyeupe yenye umanjano kidogo. Ile ya bei nafuu huwa ya pinki au kahawia kwa sababu ya praseodimiamu, metali inayopatikana pamoja na seriamu, iliyobaki ndani. Oksaidi ya chuma, poda nyingine ya kung'arishia, nayo ni nyekundu. Kwa rangi peke yake fundi hawezi kujua amenunua nini.

Ila linalonikera zaidi ni ukavu. Kwa kipimo cha Mohs, seriamu oksaidi ina ugumu wa takriban 6, na kwarzi, jiwe la silika kama amethisti, ina 7. Poda ni laini kuliko jiwe, lakini inaling'arisha! Hapo inayofanya kazi ni kemia: penye maji, seriamu hushikana na silika ya uso wa jiwe na kuiondoa kidogo kidogo. Sahani inayozunguka ya kung'arishia ikikauka, kazi hiyo imekufa. Unabaki na msuguano na joto. Nta inayoshikilia jiwe kwenye kijiti inalainika, jiwe linahama pembe, amethisti inaweza hata kupasuka. Halafu fundi anazidi kukandamiza. Jamani, ongezeni maji!

Kijiko kimoja cha chai cha poda kwenye nusu kikombe cha maji safi kinatosha kuanzia. Tikisa kila unapochota, maana poda hutuama. Sahani iwe na unyevu bila kutiririka. Kwa jiwe la pembe, yaani lililokatwa nyuso bapa, tumia sahani ya akriliki, plastiki ngumu. Felti, kitambaa kizito cha sufu, hula kingo, iachie mawe ya mviringo. Kabla ya yote, osha jiwe, kijiti na kucha zako kwa sabuni na mswaki. Chembe moja ya poda ya kusagia ya namba 1200 iliyojificha kwenye nta itachora mstari, na lawama ataibeba muuza poda.

Rubi ya Longido haina silika, kwa hiyo seriamu hapo ni kupoteza muda, tumia poda ya almasi. Nakubali pia kwamba poda ya almasi yenye chembe ndogo sana inafaa mawe mengi.

Na jina la "madini adimu", linalopewa kundi la seriamu, lisiwe kisingizio cha bei. Kwenye ganda la dunia, seriamu inakaribiana na shaba kwa wingi, na hata kijiwe cha kiberiti cha gesi kinatoa cheche kwa sababu yake. Wauzaji, andikeni jina la poda na ukubwa wa chembe kwa maikroni, yaani sehemu za elfu za milimita.