Georgetown na kivuli cha mzee Thompson

Machi 1982, fainali ya mpira wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, sekunde za mwisho. Georgetown, chuo kikuu cha Washington, iko nyuma kwa pointi moja. Fred Brown anageuka, anatoa pasi, na mpira unatua mikononi mwa James Worthy wa North Carolina, wapinzani wao. Mchezo ukaisha 63-62. Kocha John Thompson, pande la mtu, akamkumbatia kijana wake palepale uwanjani. Mwaka 1984, walipoifunga Houston 84-75 na kutwaa ubingwa, alimkumbatia tena.

Ndiyo maana pale Thompson anakumbukwa zaidi kama mzazi. Alikabidhiwa mwaka 1972 timu iliyotoka kushinda michezo 3 na kupoteza 23, akaishia kuwa kocha mweusi wa kwanza kubeba taji la daraja la kwanza la NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani. Ofisini aliweka mpira uliotolewa upepo, ili wachezaji wasitegemee maisha yao yote kwenye hewa iliyomo ndani yake. Januari 1989 alitoka uwanjani mchezo na Boston College ulipokuwa unaanza, akipinga kanuni ya ufadhili aliyoona inawaumiza vijana weusi maskini. Na Dikembe Mutombo, aliyetoka Kinshasa mwaka 1987 akiwa na ndoto ya udaktari, aliondoka mwaka 1991 na shahada ya isimu na diplomasia.

Lakini nyumba hiyo ilikuwa na komeo. Mazoezi yalifanyika milango imefungwa, waandishi wakiwekwa mbali. Mimi simlaumu kwa hilo: wachezaji wake walikuwa wakitukanwa viwanjani, na nyota wake Patrick Ewing aliwahi kuonyeshwa mabango ya kibaguzi. Tatizo ni kwamba komeo halikufunguliwa hata mzee alipostaafu mwaka 1999. Akafuata msaidizi wake, Craig Esherick, aliyewahi pia kumchezea. Mwaka 2004 akaja mwanawe, John Thompson III. Mwaka 2017 akaja Ewing mwenyewe. Nusu karne, ukoo mmoja.

Watetezi wa ukoo huo watakukumbusha mwaka 2007, mwana alipoifikisha timu kwenye nne bora za taifa. Ni kweli, hilo si jambo dogo. Watataja pia Machi 2021, Ewing alipotwaa taji la Big East, ligi ya Georgetown, pale Madison Square Garden, ukumbi aliotawala enzi zake na Knicks, timu ya kulipwa ya New York. Wiki hiyohiyo walinzi wa ukumbi walikuwa wakimsimamisha kumuuliza kitambulisho, naye akalalamika hadharani, jezi yake ikining'inia darini!

Msimu uliofuata timu ilicheza michezo 19 ya ligi hiyo na kupoteza yote 19. Kuna wanaosema zama zilibadilika: wachezaji sasa wanahama chuo kama daladala, na tangu 2021 wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina yao. Sawa, ila mabadiliko hayo yaliwakuta wote, na wapinzani waliokuwa wakiwafunga walikuwa chini ya kanuni zilezile. Kwangu mimi kosa ni la chuo zaidi kuliko la Ewing, ambaye hakuwahi kuwa kocha mkuu popote kabla ya kupewa kazi ile. Walitafuta sura ya mzee, wakasahau kwamba mwaka 1972 mzee mwenyewe aliletwa kutoka timu ya shule ya sekondari, hana undugu na yeyote pale.

Mwaka 2023 wakamchukua Ed Cooley kutoka Providence, mahasimu wao wa ligi.