Ripoti ya utafiti ianze kabla data haijafika

Faili likishafika likiwa na wahojiwa 1,200 na kolamu 140, muda wa kujiuliza unatafuta nini umeshapita. Ukianzia hapo utaishia kupiga asilimia za kila swali, kuchora chati ya kila swali, na kumtwisha msomaji kurasa 90 atakazozifungua mara moja tu.

Mimi ni muumini wa majedwali matupu. Dodoso likiwa bado linajadiliwa, chora kila jedwali litakaloingia kwenye ripoti: kichwa, mistari, kolamu, na chini yake sentensi yenye pengo, kwa mfano "Asilimia ___ ya wanaotumia huduma hii wanaridhika nayo." Swali lisilopata jedwali lolote halina kazi kwenye dodoso, litoke. Majedwali 15 hadi 20 yanaitosha ripoti kuu, mengine yaende kwenye kiambatisho. Wapo wanaolalamika kwamba huko ni kuamua majibu kabla ya kuuliza. Kinachoamuliwa ni nani atalinganishwa na nani. Majibu yenyewe yatatoka kwa wahojiwa.

Data ikifika, usiikimbilie. Hifadhi faili ghafi mahali pasipoguswa, fanyia kazi nakala, na andika kila badiliko unalolifanya. Kosa la hatari ni lile lisilopiga kelele. Chukua msimbo 99, ambao madodoso mengi huutumia kwa "hakujibu". Katika watu 1,000, 970 wametaja umri na wastani wao ni miaka 34. 30 waliobaki wamewekewa 99. Usipowaondoa, wastani unapanda hadi karibu 36, na hakuna atakayeshtuka, maana 36 ni umri wa kawaida kabisa. Kwenye swali la kuridhika la alama 1 hadi 5 ungeligundua mara moja. Kwenye umri linapita hadi kwa mchapishaji.

Balaa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni idadi unayogawia. Tuseme kati ya wahojiwa 1,200, waliotumia huduma ni 480, na hao tu ndio walioulizwa kama wanaridhika. Waliosema ndiyo ni 312. Ukigawa kwa 480 unapata asilimia 65. Ukigawa kwa 1,200 unapata 26. Namba zote mbili ni hesabu sahihi, ila ya pili inawahesabu kama wasioridhika watu ambao hawakuulizwa kabisa. Kwa hiyo kila jedwali lionyeshe chini yake ni wangapi walioulizwa na ni akina nani. Maswali ya "chagua yote yanayokuhusu" nayo yapewe maelezo, kwa kuwa jumla yake huvuka 100 na wasomaji huanza kutafuta mchawi.

Nukta za desimali ni urembo tu. Sampuli nasibu (watu waliochaguliwa kwa bahati nasibu) ya watu 1,000 ina kiwango cha makosa, yaani umbali unaoweza kuwepo kati ya namba yako na ukweli wa jamii nzima, cha takriban pointi 3 za asilimia juu au chini, na kikundi cha watu 100 ndani yake kina takriban 10. Kuandika asilimia 43.27 hapo ni kujidai. Andika 43, na usitangaze kwamba kikundi kimoja kimekizidi kingine kwa pointi nne ikiwa kila kimoja kina watu 100.

Kuhusu kasi: usinakili majedwali kwa mkono. Wiki ya mwisho mtu atagundua rekodi 12 zilizojirudia, zitaondolewa, na majedwali yote 40 yatabadilika kidogo kidogo. Aliyeandika ripoti kwa R na Quarto, programu za kuchakata data na kuandika ripoti inayojaza namba zake yenyewe, au aliyeunganisha majedwali yake na laha la data kwa fomula, anaendesha upya na kukagua matokeo. Aliyenakili kwa mkono anakesha, na bado jedwali moja litabaki na namba za zamani. Jaribu kiolezo mapema kwa data ya kubuni ya watu 50, kisha hakikisha data hiyo imefutwa.

Majibu ya wazi, yale ambayo mhojiwa anajieleza kwa maneno yake, ndiyo yanayokula muda. Soma 200 ya kwanza, tengeneza misimbo 8 hadi 12, kila mmoja ukisimamia kundi la majibu yanayofanana, halafu watu wawili waweke misimbo kwenye majibu 100 yaleyale bila kuonana. Wakipishana sana, tatizo liko kwenye maelezo ya misimbo. "Mengineyo" ikipita asilimia 10, humo ndani kuna mada iliyojificha.

Chati ziwe chache, za pau, zimepangwa kutoka kubwa kwenda ndogo, na kichwa kiseme matokeo yenyewe: "Thuluthi mbili ya watumiaji wanaridhika" ni bora kuliko "Kuridhika kwa watumiaji". Muhtasari wa ukurasa mmoja uandikwe mwisho, kisha apewe mtu ambaye hakushiriki kazi hiyo, aifuatilie kila namba hadi kwenye jedwali lake. Isiyo na jedwali inafutwa, hata kama ndiyo bosi aliyoipenda.