Detroit ilionewa, na Frozen Four yake ya 2020 mpaka leo haijarudishwa

Kila NCAA, wasimamizi wa michezo ya vyuo Marekani, wanapotangaza miji itakayoandaa Frozen Four, yaani ile wikiendi ya nusu fainali na fainali ya hoki ya barafu ya vyuo vya Marekani, ubishi unakuwa ule ule, na Detroit ikitajwa tu basi watu wanaanza, ule mji umeshakufa, umefilisika, nani apeleke familia yake kule, kwani Tampa kule Florida imejaa? Nimeusikia huu ubishi kazini, nimeusikia kwenye viti vya Munn Arena, uwanja wa hoki wa chuo changu pale East Lansing, wakati tunasubiri barafu ilainishwe, nimeusikia mpaka kwenye birthday ya mtoto wa rafiki yangu, na mara zote naishia kubishana na watu watatu kwa mpigo halafu narudi nyumbani nimekereka. Leo naandika niyamalize yote niliyonayo.

Kwanza mjue naongea kama nani. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye mji ambao kila mgeni akija anaambiwa zamani hapa palikuwa na viwanda, zamani mkonge, zamani hivi zamani vile, kwa hiyo nikisikia mtu anauita mji wa watu mfu inanigusa sehemu ambayo pengine wewe haikugusi. Nilikuja Michigan, jimbo lenyewe la Detroit, 2006 kusoma, hoki ya barafu nilikuwa siijui hata kidogo, jamaa niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja ndo akanivuta. Aprili 2007 chuo chetu, Michigan State, wakaingia fainali kule St. Louis dhidi ya Boston College, mechi iko 1-1, zimebaki kama sekunde 19 hivi Justin Abdelkader akafunga, likaongezwa jingine golikipa wao akiwa ameshatoka kumpisha mshambuliaji, 3-1, na ile jengo letu zima lilivyolipuka kwa kelele mi nikajua hapa sichomoki tena. Na kweli sijachomoka.

Sasa tuje 2010 maana ndo mzizi wa maneno yote haya.

Mwaka ule Frozen Four ililetwa Detroit, ila haikuwekwa Joe Louis Arena ambako Red Wings, timu ya hoki ya Detroit, walikuwa wanacheza, iliwekwa Ford Field, uwanja wa Lions, uwanja wa futiboli ya Kimarekani unaobeba watu kama 65,000. Na kumbuka hali ilivyokuwa, mwaka mmoja nyuma kampuni za magari Chrysler na GM zilikuwa zimeenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika, watu wamepoteza kazi, majumba yameachwa madirisha wazi, na sensa ya Aprili ile ile ya 2010 ndo ilikuja kuhesabu watu 713,777 kwenye mji ambao mwaka 1950 ulikuwa na zaidi ya milioni 1.8. Kwa hiyo kabla hata mechi haijachezwa mashabiki wa mbali walishaanza kuambizana usitembee usiku, usitoke hotelini, kodi hoteli vitongoji vya nje uje na gari uondoke na gari.

Sisi tulitoka Lansing Alhamisi mchana, watu wanne kwenye gari moja, kama maili 90 kwa barabara kuu ya I-96. Tukaingia kwenye parking moja karibu na Ford Field, kiwanja tu cha changarawe, kuna mama wa makamo kavaa kizibao cha njano na glavu zilizokatwa vidole, ana kijitabu anapiga mstari kila gari likiingia. Tukamlipa, akatuuliza tumetoka wapi, tukamwambia Lansing, akasema asanteni kwa kuja, akanishika mkono kwa mikono yake miwili kama anavyofanya mtu msibani, akasema nimeshahesabu plate za Wisconsin, New York, Massachusetts na Ohio toka asubuhi. Alikuwa anahesabu mikoa, si magari peke yake. Mi hiyo picha haijanitoka, kwamba kuna mtu kwenye huu mji alikuwa amesimama kwenye baridi anaandika wageni wametoka wapi kwa sababu kwake kuja kwetu kulikuwa na maana. Wenyewe tunasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi sijawahi kuielewa hiyo kauli kama nilivyoielewa pale kwenye changarawe.

Mpira wenyewe haukuwa mzuri, nakubali, sitaficha. Wisconsin waliwafunga RIT, chuo cha Rochester kule New York, 8-1, Boston College wakawafunga Miami ya Ohio 7-1, halafu Jumamosi fainali Boston College wakawapiga Wisconsin 5-0. Mechi tatu hamna hata moja iliyokuwa na presha dakika za mwisho. Na kutoka viti vya juu paki, kile kisahani cheusi wanachogombania, ulikuwa unakiona kama mbegu ya papai iliyodondoka kwenye shuka jeupe, ukipepesa tu imeshapotea, unabaki unaangalia wachezaji wanakimbilia wapi ndo ujue iko wapi. Barafu iko katikati ya uwanja mkubwa, kati yako na wachezaji kuna eneo limekaa tupu halina kazi yoyote, kelele zinapaa juu kwenye paa zinaishia huko huko. Hoki inataka ubanane, inataka usikie ule ubao unavyogonga mtu akisukumwa, pale hamna kitu ulichosikia.

Lakini hilo ni kosa la Detroit? Au ni kosa la aliyesema hoki ichezewe uwanja wa futiboli? Hapa ndo huwa nagombana na watu maana wanachanganya vitu viwili makusudi au bila kujua. Fainali ile ilikuwa na watu 37,592, na wakati huo ilikuwa ni idadi kubwa kuliko zote duniani kwa mechi ya hoki ya ndani. Joe Louis Arena ilikuwa inachukua kama 20,000. Yaani watu waliokuja Detroit mwaka ambao kila mtu alikuwa anasema msiende, wangeijaza Joe Louis ikafurika na nje wangebaki wengine wanakaribia kuijaza mara ya pili. Ila kwa sababu waliwekwa kwenye uwanja wa watu 65,000 kwenye TV vilionekana viti vitupu, na watu wakarudi makwao wanasema unaona, Detroit haikujaa. Ule uwanja mwaka mmoja kabla ulijaa Final Four ya basketi ya vyuo, watu 72,922 kwenye fainali ya Michigan State na North Carolina, kwa hiyo nadhani mtu aliona basketi imeweza akasema na hoki itaweza, na Frozen Four haijawahi kuvuta watu kiasi hicho popote pale, siyo Detroit tu, hata Boston usingeijaza.

Na kuna kitu kingine watu wamekisahau kabisa, mwaka ule hamna timu hata moja ya Michigan iliyofika. Chuo cha Michigan cha Ann Arbor, dakika arobaini tu kutoka Ford Field, walitolewa hatua moja kabla na hao hao Miami, mechi iliyoenda muda wa nyongeza, Michigan wakatia paki wavuni lakini refa akasema alishapuliza, goli likakataliwa, kisha Miami wakaja kufunga kwenye nyongeza ya pili, 3-2. Filimbi ile ingechelewa kidogo tu Ford Field ingekuwa na rangi ya njano na bluu mpaka juu, na leo hadithi ya Detroit ingekuwa nyingine. Mimi ni wa Michigan State, kuwatetea wale si kawaida yangu, lakini siku ile niliumia kwa ajili ya ule mji.

Tuache hizo. Wanaosema Detroit hawakuwa wanasema uongo mtupu, ukweli lazima usemwe. Usafiri ulikuwa shida, kulikuwa na ile treni ndogo ya juu, People Mover, inazunguka maili tatu hazifiki, inakurudisha ulipotoka, ukitaka kwenda mbali na katikati ya mji bila gari umekwama. Mitaa mingi taa zilikuwa haziwaki. Hoteli moja nisiyotaka kuitaja iliwapandishia bei jamaa zetu waliotoka mbali siku mbili kabla ya kufika, wakati walishabook, na wale jamaa mpaka leo wakisikia Detroit wanakumbuka ile risiti. Mtu aliyepigwa hivyo huwezi kumwambia anyamaze.

Ila niwaambie tulichokiona usiku ule baada ya nusu fainali. Tulikuwa tunatoka, kuna mzee wa RIT, amevaa jaketi ya rangi ya chungwa, timu yake imefungwa nane, na hao RIT ndo walikuwa timu ya kwanza kutoka ligi ndogo ya Atlantic Hockey kufika hatua ile, kwa hiyo walikuja wengi mno kutoka Rochester, wameimba mpaka goli la nane wanaimba. Mzee yuko na mke wake wamesimama mlangoni wanaogopa kutoka. Wameambiwa wasitembee. Tukawaambia njooni twende wote, Greektown ni hapo hapo, na kweli ni hatua chache, barabara ilikuwa imejaa watu wenye jezi za vyuo vinne wanapishana, mapolisi wa farasi wamesimama pembeni, hamna aliyemgusa mtu. Tukaingia kwenye mgahawa wa Wagiriki wakaleta lile jibini wanalolimwagia kilevi wanaliwasha moto pale pale mezani, mhudumu akapiga kelele ya opa, yule mama akaruka kwenye kiti kisha akacheka mpaka machozi. Walitoka pale saa sita usiku wakatembea wenyewe kurudi hotelini. Yule mzee alisema kitu kimoja tu wakati anaaga, kwamba wangekuwa wamemsikiliza mtu aliyewaambia wasije wangeikosa hii.

Mwaka 2013 mji ukafilisika kweli mahakamani, madeni kama dola bilioni 18, hamna mji wa Marekani uliowahi kufilisika kwa kiasi hicho. Wale wabishi wakasema tuliwaambia. Ila mji haukufa. Taa za barabarani zikabadilishwa zote, tramu ikaanza barabara ya Woodward 2017, na mwaka huo huo ikafunguliwa Little Caesars Arena, uwanja wa hoki haswa, siyo wa kuazima. Na NCAA wenyewe waliona, hata kabla uwanja haujafunguliwa walishaipa Detroit Frozen Four ya 2020 ichezwe humo, Aprili 9 na 11. Nilinunua tikiti. Nilikuwa nimeshaongea na wale wenzangu watatu, mmoja anatoka Minnesota kabisa. Machi 12 corona ikafuta kila kitu.

Nakubali hamna wa kulaumiwa kwa corona. Ila kinachoniuma ni kilichofuata, mwaka uliofuata ikaenda Pittsburgh kama ilivyokuwa imepangwa, kisha Boston, Tampa, St. Paul, St. Louis, 2026 ikapewa Las Vegas, na hamna aliyegeuka nyuma kusema jamani wale watu walikuwa na zamu yao. Hela za tikiti nilirudishiwa, ila zamu ya mji haikurudishwa. Tampa wameandaa 2012, 2016 na 2023, na Florida nzima haina chuo hata kimoja cha daraja la kwanza la hoki, wanapewa kwa sababu kuna jua. Mi sina ugomvi na jua, watu wa baridi wanalihitaji, nawaelewa. Lakini Michigan ina vyuo saba vya daraja la kwanza, vimechukua ubingwa mara 20 vyote kwa pamoja, cha mwisho Western Michigan hapo 2025, na Detroit ilishaandaa fainali hii toka enzi za uwanja wa zamani wa Olympia, 1977 Wisconsin walipowafunga Michigan 6-5 kwenye nyongeza, 1979 Minnesota ya kocha Herb Brooks ikawafunga North Dakota 4-3, halafu Joe Louis 1985, 1987 na 1990. Huu mji haukuanza kuijua hoki jana.

Na yale maneno ya usalama, jamani, Aprili 2024 draft ya NFL, ile hafla timu za futiboli ya Kimarekani zinapochagua wachezaji wapya, ilifanyika katikati ya mji ule ule, siku tatu, watu zaidi ya 775,000, rekodi ya wakati ule. Watu zaidi ya laki saba na nusu walitembea mitaa ile wakarudi makwao, sasa hao elfu 18 au 19 wa hoki watashindwaje?

Mtu akiniambia hapendi Detroit kwa sababu 2010 alikaa mbali na barafu hakuona kitu, nitamwelewa na nitamwambia Little Caesars utaona mpaka jasho la golikipa. Mtu akiniambia alilanguliwa hoteli nitamwelewa pia. Lakini anayesema mji umechoka kwa hiyo usipewe wageni, huyo simwelewi na sitamwelewa, maana yule mama wa parking ndo hasa anayehitaji Wisconsin, New York na Massachusetts ziingie kwenye kijitabu chake.

Zabuni zikifunguliwa tena naomba wahusika wa Michigan waombe, na NCAA wakumbuke Machi 2020. Mwanangu sasa hivi anacheza golikipa kwenye timu ya watoto, zile kinga za miguuni zenyewe zimempita urefu, na nimeshamwahidi lile jibini la moto la Greektown, ananiuliza kila msimu ukianza kama ni mwaka huu.